Mama Konsolata na Bati Linalowaka

Sijamwambia mtu yeyote: nyumbani wanajua nasubiri chuo cha ualimu, lakini ninachotaka ni kazi anayoiacha Mama Konsolata Qamara.

Tarehe 30 Juni Mama Konsolata anastaafu, baada ya miaka kumi na tisa katika karakana yetu ya taa hapa Nangwa. Nimekuwa naye tangu nilipomaliza kidato cha nne, na bado nashangaa. Taa zetu za OLED hazina glopu. Bati la chuma, jembamba kama karatasi, linapakwa dawa tabaka juu ya tabaka, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Ukipitisha umeme, bati zima linawaka. Ukilikunja kama chapati, linaendelea kuwaka!

Tatizo ni vijinundu vya chuma. Kimoja tu kikitoboa dawa, taa inapiga shoti. Mama Konsolata ndiye anayelisugua bati na kulipaka utando wa kuvifunika.

Bati lake la kwanza liliwaka likiwa na madoa matano meusi. Wengine walilaumu vumbi la ng'ombe wa kijiji cha Gendabi. Yeye aliweka vidole juu ya madoa, vikalingana. Asubuhi ile ya baridi alikuwa amejipaka mafuta kama sisi sote, na glavu ilikuwa imetoboka kwenye ncha za vidole, mafuta yakapita. Tangu hapo, siku za kazi hapaki mafuta mikononi. Sokoni Katesh, Farida muuza vitenge humtania: "Mama, umepauka hivyo, hata mafuta ya kupima umekosa?" Naye hujibu: "Ng'aeni nyinyi, mwanangu. Mimi nina bati la kung'arisha."

Wiki iliyopita mkuu wetu, Mhandisi Pascal, alisema bati la mwisho la Mama likizimika likikunjwa, kazi hii itafungwa. Mama Konsolata alilizungusha kwenye bomba, taratibu, likiwa linawaka. Halikufifia hata kidogo. Hermani, fundi umeme, mtu wa maneno mengi, alisema tu, "Mama, jamani!" Kazi inaendelea.

Asante, Mama. Ukalime vitunguu saumu vyako kwa raha, ulale mpaka jua lichomoze, na Mungu akupe afya.

Nawe msomaji, baba yangu atakuwepo kwenye sherehe ya kumuaga Mama, na maandishi madogo kama haya hayaoni vizuri. Akikuomba umsomee, tafadhali anzia aya ya pili.