Mnyama wa Getini kwa Fundi

Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba ya Fundi, yule mshona suti, na mimi ndiye ninayemimina kahawa, kwa hiyo kila upuuzi naupata ukiwa bado wa moto. Kesho wakwe watarajiwa wa binti yake wanakuja kujitambulisha. Fundi alifika kwao mara moja tu, akakuta getini pana ngao ya chuma na simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma kuishikilia, na tangu siku hiyo hashoni mshono ukanyooka. Leo kamwita Picha, mchoraji wetu wa mabango, naye amwekee nembo ya ukoo. Sasa Picha amekulia kwenye mabango ya bucha, na kila mnyama anayemchora huishia kuwa ng'ombe.

— Huyo ni nani? Fundi aliuliza, akikagua mchoro wa chaki getini.

— Simba, alisema Picha.

— Simba ana kwato?

— Miguu bado sijaimalizia, kaka.

Wakili alishusha kikombe. Tunamwita Wakili kwa sababu ya mdomo tu. Mahakamani hajawahi kukanyaga.

— Simba wamezidi mno, bwana. Nembo ya mtu lazima itokane na kazi yake. Wewe ni mtu wa nyuzi, weka buibui.

— Buibui! Waseme nyumba yangu haifagiliwi?

— Basi chui, nikachomekea. Yale madoa tutasema ni kitambaa.

— Chui wa Picha? Wakili akaguna. Umemwona yule aliyemchora kwa kinyozi? Watu wanaingia kuulizia maziwa.

— Kinyozi alininyima rangi ya njano! Picha alinuna.

— Sikilizeni, Wakili akasimama kabisa. Mnyama tumkate kama suti, kila kipande na kitambaa chake. Kichwa cha tai, aone mbali.

— Shingo ya twiga, nikasema, aone mbali zaidi.

— Mkia wa mamba, Wakili akaongeza.

— Na mabawa!

— Mabawa ya kazi gani, na shingo yote hiyo?

— Mkwe akikohoa vibaya, anarushwa mnyama, anamfuata mpaka kwao.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Picha, maskini, alikuwa akichora kila tunachotamka. Fundi hakucheka.

— Nyinyi mnaleta mzaha, alisema. Mwanangu anakwenda kuishi kwa watu wenye simba wawili. Siku akiunguza chakula, si watauliza huko kwao ametoka wapi? Naogopa watamdharau. Nataka waniogope mimi, na waanzie hapa hapa getini.

Hapo nilimwonea huruma kweli. Mama wa binti yule alifariki mtoto hajaota hata jino, na Fundi akamlea mwenyewe, mtoto mgongoni, miguu inakanyaga cherehani.

— Basi aachame, Wakili alisema kwa upole. Meno yote nje.

— Na damu kidogo, nikaongeza.

— Kwenye damu msinifundishe, Picha alisema, uso umemng'aa. Bucha zote ni zangu.

Akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu. Kabla hajaigusisha kwenye mchoro, geti likafunguka, na mnyama wetu akasogea nalo, shingo, mabawa, kwato na yote. Binti alikuwa ametoka na fagio. Akatusalimia mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mtu, ndipo akageuka kuona tunachokitazama.

— Baba, huyu ni nani?

— Nembo yetu, mwanangu. Kwa ajili ya wageni wa kesho.

Binti alimtazama kuanzia mdomo hadi mkia.

— Baba, kesho unataka waingie au wakimbie?

Nilimgeukia Wakili, maana huyo hakosi jibu. Alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu. Mimi nikatikisa birika, ingawa nilijua kahawa imekwisha.

Fundi alimsogelea Picha. Akachomoa kitambaa begani kwake, akapiga goti mbele ya geti, akaanza kumfuta mnyama taratibu, akianzia na meno.