Mtamba wa Bibi Efrazia na Washangiliaji

Benchi la Kornelia, mwuza kahawa wa Katesh, ni ubao juu ya mawe mawili, pembeni mwa njia ya kwenda mnadani. Kila Juni upepo wa Hanang huwakuta hapo watu walewale. Yupo Basili, karani wa ushirika uliokufa. Wanamwita Mbunge kwa kuwa hana kazi ila kusema. Yupo Nikolausi fundi cherehani. Huyo wanamwita Redio, na betri zake haziishi. Asubuhi ile alikuwapo pia Bibi Efrazia wa Mogitu, kamba mkononi. Upande wa pili wa kamba alisimama mtamba wake mwekundu, mwenye mimba, wa mwisho zizini.

— Shikamoo, bibi. Unampeleka mnadani huyo? aliuliza Mbunge.

— Marahaba. Hapana, nimemleta anywe kahawa.

Wakacheka. Efrazia hakucheka. Mjukuu wake Doris, wa darasa la sita, alikuwa kwenye kikundi cha wasichana wa kushangilia. Waliposhinda tarafani, wazazi wakatakiwa sketi. Waliposhinda wilayani, viatu vyeupe na vishada vya nailoni vya kupunga. Sasa wanakwenda Babati, mkoani, na mwalimu anataka kambi, nauli na sketi nyingine kabla ya jioni. Asiyeleta, mtoto wake anabaki.

— Ada wamefuta, alisema Mbunge. Michango ndiyo imebaki shuleni, inazaa.

— Kwani ile sketi ya wilaya ina ubaya gani? aliuliza Kornelia akimimina.

— Ndefu! alisema Redio. Nimezishona mimi. Kila ngazi kitambaa kinapungua, bei inapanda. Wakifika taifa, mzazi atauza shamba na mtoto atavaa mkanda.

— Shida ni huu mkoa mpya, alisema Mbunge. Zamani mkoa ulikuwa Arusha, mbali. Mtoto akishinda wilayani anapewa hongera, anarudi kuchunga. Sasa mkoa wametuletea hapa mlangoni, mtu utajificha wapi?

— Mkoa wapi, Mbunge! alidakia Redio. Ni biashara huria hiyo. Wazungu wamechoka kupiga kelele wenyewe. Jana walitaka ngano, leo wanataka sauti. Hao watoto wanapimwa, nakuambia, watapakiwa kwenye ndege!

— Sauti yako wangeikataa, alisema Efrazia. Imeingia funza.

Lipo jambo ambalo hakulileta benchini. Tangu wamzike mama yake Doris, mtoto huyo husema ndiyo bibi, hapana bibi, basi. Siku ya mashindano ya wilaya Efrazia alisimama nyuma ya uzio, akasikia sauti moja imepanda juu ya nyingine zote. Akamwuliza jirani, yule ni mtoto wa nani. Akaambiwa, wako.

Hapo akafika mgeni, mfugaji kutoka Balangdalalu, shuka begani na fimbo mkononi.

— Shikamoo, bibi. Naitwa Gidahosh. Natafuta mtamba. Mzuri kama huyu mbona unauza?

Redio akamweleza yote, na ndege akazitia.

Gidahosh akasikiliza mpaka mwisho.

— Mnisamehe, mimi sikusoma. Hao watoto wanamshangilia nani?

— Si timu ya shule! alisema Mbunge. Ya mpira.

— Ile ilitolewa tarafani, alisema Kornelia. Saba bila.

— Sasa huko Babati, wanamshangilia nani?

Mbunge akanyoosha kikombe aongezewe. Redio akanyoosha chake pia. Kornelia akatikisa birika; lilikuwa tupu.

Efrazia akamwaga machicha ya kahawa yake chini, akasimama polepole, mkono kiunoni.

— Wewe umekuja kununua ng'ombe au kununua maneno?

— Ng'ombe, bibi.

— Basi mwangalie meno.

Gidahosh akamfunua mtamba mdomo, akampapasa tumbo, akataja bei. Haikuwa nzuri. Efrazia alitazama jua lilipofika, akamwekea kamba mkononi.

— Usimpitishe njia ya Mogitu, alisema. Atageukia nyumbani.