Mpika Sabuni na Ulimi Wake: Maisha ya Mzee Tsukuda Katsuyoshi, 1941–2023

Ndugu waombolezaji, majirani wa Tatsumi, walimu wenzangu, na wewe Nanoha uliyekaa pale mbele na mama yako, kabla sijasoma tarehe naomba mfumbe macho kidogo, muufikirie ukuta wa zege nje ya madarasa ya shule ya msingi, wenye mabomba sita ya maji baridi, na kila bomba limening'inizwa wavu mwekundu wa machenza wenye kipande cha sabuni ndani, na watoto thelathini na wawili wamepanga foleni kabla ya chakula cha mchana, wakiusugua wavu ule kwa viganja vyote viwili, bila kuuliza nani aliipika sabuni ile wala kama ni salama, kwa sababu watoto hawaulizi, wanaamini. Aliyeipika ni baba yangu. Mimi ni Chinatsu, mtoto wake wa pekee, mwalimu wa shule za msingi kwa miaka ishirini na tisa, minane ya mwisho katika shule hiyo hiyo, na mtanivumilia nikisoma polepole, kwa maana iko sehemu ya historia hii ambayo mpaka leo naogopa kuifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa hapa Tatsumi, mashariki mwa Osaka, akiwa mtoto wa pili wa mzee Tsukuda Eizo, mpika sabuni, na mama Tsukuda Sue. Machi 1945, mji ulipoteketezwa kwa mabomu, alibebwa mgongoni hadi kwa babu yake huko Yoshino, na waliporudi walikuta nyumba imekuwa majivu, lakini sufuria kubwa ya chuma ya kupikia sabuni imesimama peke yake katikati ya kifusi, na Eizo, babu yangu mimi, akaanza upya na mafuta ya dagaa, akitoa sabuni iliyonuka samaki hata baada ya kukauka, na watu wakaipangia foleni hivyo hivyo.

Alianza shule ya msingi Aprili 1947 na kumaliza masomo ya miaka tisa Machi 1956. Mwalimu wake wa sayansi alitamani aendelee mbele, lakini tarehe 2 Aprili mwaka huo huo aliingia karakanani kwa baba yake, na hakutoka tena.

Sabuni yetu huchemka siku tano, mafuta ya nazi na ya ng'ombe yakipikwa na magadi makali taratibu, na siku ya tano mpishi huchota tone kwa mwiko wa mti, hulipoza, kisha huligusisha kwenye ncha ya ulimi. Likiuma kama sisimizi, magadi bado yana njaa, na sabuni hiyo itakula ngozi ya mtu. Likitulia, limeiva. Siku ya kwanza kabisa babu Eizo alimwambia, "Katsu, macho yatakudanganya, pua itakudanganya, ulimi hautakudanganya," na baba aliishi na maneno hayo miaka sitini na miwili, nayo ndiyo yaliyokuja kututia hofu.

Tarehe 3 Novemba 1968 alifunga ndoa na mama yangu, Fusae, binti wa wakulima wa machenza wa Arida, mkoa wa Wakayama, na tarehe 21 Juni 1970 nikazaliwa mimi. Mama ndiye aliyeona vipande vilivyokatika vikitupwa, akavitia kwenye nyavu za machenza zilizokuja kutoka kwao na kuvipeleka shuleni. Majirani mnakumbuka alivyomtania mumewe mbele ya wateja: "Jamani, nimeolewa na mtu anayelamba sabuni kutwa, kisha anakuja kuniambia supu yangu ina chumvi!" Naye baba alijibu bila kugeuka, "Sabuni yangu haina chumvi, mama Chinatsu, ndiyo maana naipenda." Mama alitutoka tarehe 5 Oktoba 2015.

Mwaka 1975 baba alikuwa akipelekea sabuni shule arobaini na moja na nyumba za kuogea kumi na mbili. Kisha zikaja chupa za kubonyeza zenye sabuni ya maji, nyumba za kuogea zikafungwa moja moja kwa kuwa kila mtu sasa ana bafu lake, na baada ya yale maradhi ya tumbo yaliyowashika watoto wengi shuleni mwaka 1996 wazazi wengi waliogopa kitu kinachoshikwa na mikono mingi, na siwalaumu, waliogopa kama mzazi yeyote. Baba aliziita chupa zile supu. Kijana mmoja muuza dawa alipomletea matone ya kupimia, yanayogeuka waridi yakigusa sabuni yenye magadi mabichi, alimnywesha chai, akamsindikiza mlangoni na kumwambia, "Mwanangu, nikitaka rangi ya waridi nitakwenda kutazama maua mwezi wa nne." Tulicheka sana siku ile, hata mimi nilicheka.

Kufikia mwaka 2018 alibaki na shule moja, nyumba moja ya kuogea, na familia kumi na tisa. Familia hizo zote zilikuwa na mtoto ambaye ngozi yake hupasuka na kuwasha mpaka anajikuna usingizini, na ambaye sabuni nyingine zilimchoma. Mmoja wao alikuwa Ebihara Nanoha, mwanafunzi wangu wa darasa la pili, aliyekuja shuleni na kipande chake ndani ya kikopo cha bati, na aliyembatiza marehemu jina la Babu Sabuni.

Jumapili ya tarehe 17 Februari 2019 nilikwenda kumpikia baba chakula cha mchana kama kawaida yangu, nikampa wali, samaki, na umeboshi kutoka kwa ndugu za mama, yale matunda ya kuchumviwa ambayo uchachu wake humkunja uso hata aliyeyazoea tangu utotoni. Baba alilitia mdomoni tunda zima, akatafuna, akameza, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. Nilimwangalia, naye akainamisha macho kwenye bakuli.

"Baba," nikamwuliza, "hilo tunda lina ladha gani?"

"Ladha ya umeboshi. Ulitaka liwe na ladha gani?"

"Baba, niambie mimi mwanao."

Alilisukuma bakuli kando, kisha akasema, "Tangu mwezi wa kumi, Chinatsu. Kila kitu ni kama karatasi."

Nimefundisha watoto kuhesabu kwa miaka mingi, lakini sijawahi kuhesabu kwa woga kama siku ile. Mwezi wa kumi ulimi ulikufa. Mwezi wa kumi na moja alipika. Sabuni ikakaa rafuni ikikauka, na Ijumaa, siku mbili tu zilizopita, alikuwa ameipeleka shuleni, nyumba ya kuogea, na kwa zile familia.

"Ulionja?"

"Nilionja."

"Ukasikia nini?"

"Sikusikia sisimizi," akasema baba. "Nikajiambia, basi imeiva."

Nilichukua kipande kutoka rafuni, nikakilowesha na kukigusisha ulimini, nikakitema palepale kwenye sinki, kwa sababu sisimizi walikuwamo, na walikuwa wengi.

Ninajua wako wanaojiuliza kwa nini mtu mwema alinyamaza miezi minne. Alinieleza tukiwa njiani kwenda shuleni, akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona, kwamba angesema, sufuria ingepoa, na sufuria ikipoa watoto kumi na tisa wangebaki bila kitu cha kuogea, hivyo akaogopa jambo moja kiasi kwamba hakuliona lile jingine lililokuwa baya zaidi. Ninalisoma hili hadharani kwa sababu mwenyewe aliniagiza, akasema lisisomwe kwa mafumbo.

Shuleni tulimkuta mlinzi, tukazikuta nyavu mpya ndani ya sanduku zikisubiri kutundikwa Jumatatu asubuhi, nami nikalibeba sanduku zima. Kwa kina Ebihara hatukuwahi. Nanoha alikuwa ameoga mara mbili. Viganja, shingo na mikunjo ya viwiko vilikuwa vyekundu kama nyama mbichi, na alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake akiogopa hata upepo wa feni ya bafuni. Alipomwona baba alisema tu, "Babu Sabuni, safari hii imeuma," bila kulaumu, kama mtoto anayemweleza daktari.

Baba alipiga magoti pale kizingitini, akagusisha paji la uso sakafuni, wala hakuinuka. Bi Ebihara alilia, kisha akasema, "Inuka, mzee, sakafu ina baridi. Hasira zangu nitakuletea kesho, usidhani nimezisahau. Leo nijibu moja tu. Mwanangu ataoga na nini?"

Ngozi ya Nanoha ilitibiwa wiki tatu ndipo ikapona, karakana ikafungwa tarehe 31 Machi 2019, na swali lile la Bi Ebihara likawa kazi ya baba mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwezi wa nne madaktari waligundua kwamba figo zake zilikuwa zimechoka kwa miaka mingi, na kwamba ndizo zilizomwondolea ladha, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Ugonjwa huo ukamletea mwasho wa mwili mzima. Sabuni yake mwenyewe, ile nzuri ya zamani, ikawa inamchoma. Nilimkuta siku moja ameketi bafuni na kipande mkononi, mikono imejaa alama za kucha, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeona kitu gizani, "Kumbe hivi ndivyo wanavyolala."

Tangu hapo alinunua sabuni za watu wengine, za vipande na za chupa, akazipaka upande wa ndani wa mkono wake, kila moja siku mbili, akiandika mahali palipowasha na kwa muda gani. Yale matone ya waridi aliyaagiza mwenyewe. Nilimtania, "Leo maua yamechanua mwezi wa saba?" akajibu, "Nyamaza, mwalimu, shika mwanga." Alijaribu aina sitini na nne. Kwa shule alichagua ya chupa isiyo na manukato, akasema supu hii inanyweka. Kwa familia moja daktari wa ngozi alimweleza kwamba mtoto wao alihitaji maji ya uvuguvugu tu siku nyingi za wiki, na baba, aliyeishi kwa kuuza sabuni, alikwenda mlangoni kwao kuwaambia wasinunue sabuni yoyote. Nilimsikia usiku ule akiongea na picha ya mama, na hakuwa akicheka.

Familia kumi na nane zilipata jibu. Ya kumi na tisa ilikuwa ya Nanoha, na kila jaribio lilimwasha, na baba alidhoofika mwezi hadi mwezi, nami niliogopa kwamba ataondoka na jibu halijapatikana. Oktoba 2021 tulisikia habari za dada mmoja wa Tokushima, Bi Nii Sayo, anayepika sabuni ya vipande kwa sufuria ndogo, tukavuka daraja kwenda kumwona. Alimwomba baba amfundishe kuonja. Baba alimjibu, "Nitakufundisha kila kitu ila hicho. Pima kwa matone, na ukishapima mpe mtu mwingine apime tena." Alikaa karakanani kwake siku tano, akisafishwa damu katika hospitali ya kule. Sabuni iliyotoka pale Nanoha aliijaribu kwenye kidole kimoja, kisha viwili, na tarehe 4 Desemba 2021 mama yake alipiga simu kusema ameoga mwili mzima na amelala mpaka asubuhi.

Baba alifariki dunia Jumanne tarehe 17 Januari 2023, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, akiwa na miaka themanini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliomsindikiza kwenye mashine nilipokuwa darasani, walimu wenzangu mlionishikia vipindi, Bi Nii aliyesafiri tangu jana, na Bi Ebihara, aliyemletea zile hasira kesho yake kama alivyoahidi, kisha akamletea na uji.

Sasa nafikia lililomnyima baba usingizi hata kitandani hospitalini. Sabuni ya Novemba 2018 ilikuwa vipande mia mbili na arobaini, kila kimoja kimepigwa mgongoni namba 11 ya mwezi kilipopikwa. Vilirudi mia mbili thelathini na vitatu. Saba viliuzwa pale mapokezi ya nyumba ya kuogea kwa wapita njia, tukabandika matangazo mtaani, havikuonekana. Wako wanaosema magadi hupungua ukali kwa miaka, na huenda ni kweli, lakini baba hakukubali ngozi ya mtoto itegemee huenda. Ninachoogopa zaidi leo ni upendo wenu, kwamba mtu atakayerudi nyumbani kutoka hapa atakiona kipande cha mzee Tsukuda nyuma ya kabati, amkumbuke, na akitumie kumwogesha mjukuu kwa heshima yake.

Baba, mwili umeacha kuwasha, lala sasa. Na ninyi wapendwa, kama mtasahau mengine yote niliyosoma, naomba mkumbuke hili moja tu: kipande chenye namba 11 mgongoni msikiogee, nileteeni mimi.