Bi Adventina na Namba za Asubuhi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma mita za maji katika vilima vya Ngara, Bi Adventina Laurian anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, Halfani wa stoo, niliyemtolea jozi kumi na moja za gambuti, naye akazimaliza zote.

Alianza na daftari, kalamu na kipande cha chaki. Akishasoma mita, aliandika namba ukutani ili mwenye nyumba aione kwa macho yake. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa umelala mabondeni, usingemwona kabisa. Ungesikia shikamoo yake ikipita, na marahaba ikijibu kutoka nyumba ambayo nayo huioni. Nilifuatana naye siku moja nikadhani bado naota. Kila hatua chache alisimama juu ya bomba la chini ya ardhi, akainamisha kichwa, akasema maji yanapita au yamekwama. Kuna siku alitutangazia kwamba bomba limepasuka. Tukachimba hadi kiunoni, tukakuta chemchemi. Alicheka kutushinda sisi tuliokuwa na majembe.

Miaka mitatu iliyopita zikaja mita janja, hizi zinazotuma namba zenyewe hadi kwenye kompyuta ya ofisi. Bi Adventina ndiye aliyepewa kazi ya kuwashawishi watu wazikubali, yaani awashawishi wasimhitaji tena. Mimi ningenuna. Yeye alipita nyumba kwa nyumba. Wapo waliomwambia mita hizo zinahesabu hewa, wengine wakasema zinasikiliza mazungumzo. Bwana mmoja wa Nyakisasa aliifunika ya kwake blanketi, isije ikamwona akioga.

Kibimba ndiko kulikokuwa kugumu. Bibi Secilia, mjane anayeishi peke yake, alikataa katakata, na kaya arobaini za kilima chake zikakataa pamoja naye. Mafundi walikuwa wamebakiwa na wiki mbili tu. Baada ya hapo kilima kingebaki na mita kuukuu zisizo na msomaji.

Bi Adventina alikwenda mara tano, akashindwa. Mara ya sita hakutaja mita. Alivuta kigoda, wakamenya ndizi pamoja, na ndizi zilipokaribia kwisha bibi akalitoa la moyoni. Wanawe wako mbali. Kila tarehe kumi na mbili ya mwezi kuna mtu mmoja anayeingia uani kwake na kumwamkia, naye ni msomaji wa mita.

“Hiyo mita yenu itaniamkia?” aliuliza. “Nikianguka humu ndani, nani atajua?”

Bi Adventina alirudi kwa miguu. Kesho yake akaenda na ahadi: bibi akiridhia, kila asubuhi ataitazama namba yake ofisini, na isiposogea hadi saa nne, atakuja mwenyewe. Bibi akakubali kufungiwa, kwa majaribio tu.

Siku ya nne baada ya kufungiwa, namba haikusogea. Saa nne kamili Bi Adventina aliacha chai mezani akapanda bodaboda, nasi tukamfuata na gari la mafundi. Mlango ulikuwa umefungwa. Aliita hadi sauti ikakauka, kisha akatuamuru tuvunje kitasa. Tukavunja. Ndani hamkuwa na mtu.

Bibi Secilia alikuwa amelala kwa dada yake, ng'ambo ya bonde, alikokwenda kusaidia kupura maharage. Alirejea na kapu kichwani akaikuta ofisi nzima uani kwake, na Bi Adventina amekaa chini analia. Hakuuliza habari za kitasa. Alimwinua, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Wiki haikuisha, kaya zote arobaini zikafungiwa mita janja. Kitasa kipya nilikitoa mimi stoo, kwa moyo mweupe.

Leo ofisini tuna orodha ya wazee ishirini na sita wanaoishi peke yao, kila mmoja ameomba mwenyewe kuandikwa. Tunaitazama kabla ya chai. Namba zinasogea moja baada ya nyingine, na mimi huwaona kabisa: huyu ananawa uso, yule anabandika uji.

Bi Adventina, unarudi Kasulo, kwenye nyumba ambayo watoto wameshahama na mzee wako ameshatangulia. Hukutuambia, lakini wiki iliyopita tuliliona jina la ishirini na saba chini ya orodha. Umeliandika kwa penseli, hafifu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Tumelipitishia wino.

Asante kwa kila shikamoo uliyoipeleka kwa niaba yetu. Pumzika vyema, ulale hadi jua liingie dirishani ukipenda. Ila saa nne isikukute hujafungua bomba, maana gambuti zetu ziko mlangoni.