Kituo cha Tisa Bado Kipo

Benchi la Mama Kijiko, muuza kahawa, ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya matairi mawili, pale kwenye kona, umeegemea ukuta wa kinyozi. Lakini msinibishie: ubao ule umebeba makalio mengi kuliko garimoshi, na uongo uliosemwa pale ungepakiwa kwenye malori, barabara ingetitia. Kahawa yenyewe ukimmwagia maiti anakaa, anauliza saa ngapi. Jioni ile ya Jumatatu walikuwepo wale wale: Hakimu, kinyozi aliyekata kesi nyingi kuliko nywele, Waya, fundi umeme ambaye kwake wanawasha mshumaa, na Masafa, mshona magodoro, mwanamume mwenye kifua cha jogoo, aliyefiwa na mkewe na kubaki na nyumba yenye viti vinne. Masafa alikuwa amejiunga na chama cha watu wa redio ya upepo, wale wanaoongea hewani bila simu. Jana yake, Jumapili, walijitolea kulinda matembezi ya hisani ya kuwachangia wagonjwa wa figo. Kila mmoja anasimama kwenye kona yake na redio mkononi. Mtu akizirai au akipotea, anakiambia Kituo Kikuu. Masafa alipewa Kituo cha Tisa, cha mwisho kabisa, kule kwenye kinu cha unga. Na leo alikuja bado amevaa kizibao chenye mistari ya kung'aa, redio ameisimamisha kando yake benchini kama mgeni rasmi, inakoroma: shhhh.

— Watu elfu kumi na moja, — Masafa alisema. — Wote wamepita mbele ya pua yangu. Mama mmoja akazirai. Nikabonyeza hapa, nikasema maneno mawili. Kabla hajafika chini, gari la wagonjwa limeshafika.

— Kabla hajafika chini? — Waya akauliza.

— Alikuwa mrefu.

Hakimu akaweka kikombe chini.

— Kesi hii ina kasoro. Leo asubuhi nimemnyoa jamaa aliyetembea. Anasema mvua ilipokuja, daraja likamezwa na maji. Wakageuzia Kituo cha Sita. Saa sita mchana walikuwa wameshamaliza, wamepiga picha, wamekunywa soda, kila mtu kwao. Kinuni hakufika hata mmoja.

Kikombe cha Masafa kikasimama njiani. Hilo la saa sita hakuwa amelisikia. Yeye alisimama chini ya upenu wa kinu mpaka jua likazama, maji yanamwingia kwenye kola na kutokea viatuni. Aliyepita ni mbwa mmoja anayechechemea, akienda na akirudi. Aliporudi, Masafa alimwamkia.

— Kwani nilisema walipita? — akasema. — Nilisema wangepita. Sikilizeni vizuri, jamani.

— Na yule mama mrefu?

— Huyo alikuwa na safari zake za sokoni.

Waya akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Sasa wewe, mzee wa mnara, wenzako walipokwenda kunywa soda, wewe uliondoka saa ngapi?

— Sijaondoka.

— Si uko hapa!

— Mwili ndio uko hapa, umekuja kunywa kahawa. Kikazi niko kinuni. Sisi watu wa redio tuna sheria: huondoki mpaka Kituo Kikuu kikuite kwa namba yako, kikwambie, asante, umeruhusiwa. Mimi sijaitwa. Kwa hiyo hayo matembezi, mnavyoyaona nyie yameisha, hayajaisha.

Alilisema kwa kishindo, lakini jicho lilikuwa kwenye redio. Jumapili asubuhi, kabla ya mvua, sauti ya mwanamke ilikuwa inawazungukia wote mmoja mmoja. Ikimfikia inasema: “Kituo cha Tisa, uko salama?” Naye anajibu: “Niko salama!” kwa sauti iliyoangusha njiwa kwenye paa la kinu. Tangu azike, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo akangoja jibu. Mvua ikaja, sauti ikakatika. Lakini yeye aliirudisha redio nyumbani, akaichaji, akailaza kwenye mto wa pili.

— Betri hiyo, — Waya akatoa hukumu ya kifundi. — Uliongea mno. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Betri imejaa. Isikilize inavyokoroma.

— Basi kilima, — Hakimu akadakia. — Sauti imefika kilimani, imechoka, imekaa. Au, nawaambia, wakubwa wameidaka juu kwa juu. Wana mitambo. Saa hizi wapo sebuleni kwao wanakuruhusu wao kwa wao. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo imeingiaje hapo?

— Kaa nayo, utaielewa ukifika nyumbani.

Waya akatikisa kichwa.

— Hamjui umeme nyie. Sauti haipotei. Ikitumwa, imetumwa. Hiyo ya kumruhusu Masafa imepitiliza juu, imegonga mwezi, sasa hivi iko njiani inarudi. Jumatano ataitwa.

— Kwa nini Jumatano?

— Kesho mwezi una mawingu.

— Wote mmekosa, — Masafa akasema, akajinyoosha mpaka ubao ukalia. — Wameniacha makusudi. Vituo vyote vimefungwa, kimebakizwa kimoja, cha akiba. Simu zikizimika dunia nzima, meli zikipotea, marais wakitafutana, sauti itakayobaki hewani ni hii. Wanalijua hilo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mama Kijiko alikuwa anasuuza vikombe.

— Na wewe shemeji, si ungewapigia tu simu ukawauliza?

— Mkuu wa kituo hapigi, Mama. Hupigiwa.

Namba ya Kituo Kikuu alikuwa nayo. Chini ya upenu ule kidole kilishafika juu yake mara mbili, kikarudi. Aliogopa kitu kimoja tu: isije ile sauti ikasema, “Samahani, nani mwenzangu?” Simu akairudisha kwenye mfuko wa nailoni, imechajiwa imejaa pomoni, inamwonyesha saa tu.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa dada mmoja mgeni, na kikapu chake magotini, anamngoja mwenzake aliyeko kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Alikuwa anasikiliza muda wote.

— Samahani, kaka zangu. Mimi mpita njia tu. Ninyi ni rafiki zake huyu?

— Rafiki? — Hakimu akashika moyo. — Huyu ni damu! Mkate yeye hapa, damu inanitoka mimi. Ubao huu tunakalia kila jioni, mvua na jua.

— Na jana jioni alikuwepo?

— Jana hakuwepo, — Waya akasema. — Nafasi yake tuliweka birika.

— Na mvua ile yote. Nani kati yenu alimpigia kumuuliza yuko wapi?

Hakimu akaangalia mikono yake, kama imebakiwa na nywele za mtu. Waya akapuliza kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Redio ikasema shhhh.

— Walinipigia, dada, — Masafa akasema. — Wote wawili. Mimi ndiye nilikuwa nimezima simu. Sheria ya redio hiyo. Simu na redio zikiwaka pamoja, mji mzima unalipuka.

Masafa ameshasema uongo mkubwa kama ng'ombe, wenye pembe na ndama, na kijiwe kikauvunjia mbavu. Huu ulikuwa mdogo, unaenea kiganjani, na hakuna aliyeucheka.

— Aa, — yule dada akasema. — Afadhali.

Mama Kijiko akainamisha birika. Yakatoka matone mawili.

— Imeisha.

Siku nyingine wangegombea hata yale matone. Waya akainuka, akasema ana taa ya mtu ya kutengeneza. Akamgusa Masafa begani, akataka kusema kitu, akasema “kesho, basi.” Hakimu akaenda kufunga duka, kufuli ikamshinda mara tatu. Dada akavuka barabara kumfuata mwenzake.

Masafa akaisogeza redio pale alipokuwa amekaa Waya. Akabonyeza.

— Kituo Kikuu, hapa Kituo cha Tisa. Niko salama. Ova.

Akaachia, akanyamaza, kama adabu inavyotaka, kumpa mwenzake nafasi ya kujibu.