Klipu za Kudaka Tu

Kijiwe chetu kipo Brooklyn Park, huku ughaibuni, ubavuni mwa duka la kufulia nguo, pale bomba la mashine za kukaushia linapopumulia nje. Mwezi wa nne huku baridi bado inang'ata masikio, lakini ukikaa kwenye benchi letu unapulizwa joto lenye harufu ya sabuni mpaka macho yanalegea na mdomo unaanza kusema mambo ambayo kichwa hakijayapitisha. Gasto, Mchagga wa Rombo, tunamwita Mwenyekiti, maana hakuna harusi wala msiba wa watu wetu hapa ambao hakuongoza kamati yake. Chupa ya kahawa ni yake. Eliakim, Mkenya, ni Dabo: anatunza wazee kwa shifti mbili mfululizo, na anafika kijiweni nusu yake ikiwa bado inaota. Birindwa wa Bukavu ni Skana, kwa ile mashine ya kusomea lebo za mizigo anayoshika ghalani Shakopee. Mimi ni Katibu, kazi yangu kumimina kahawa na kuzuia ugomvi. Jumamosi hiyo tulikuwa na jambo zito. Haika, binti wa Mwenyekiti, ni kipa, anamaliza sekondari mwaka huu, na vyuo viwili vilitaka jibu lake Jumatatu. Alikuwa amemwomba baba yake amsaidie kuchagua. Baba akafanya kitu pekee anachokijua: akaunda kamati. Akafungua grupu la WhatsApp, akaingiza watu kibao, akamsahau kipa mwenyewe.

Mwenyekiti: Ndugu wajumbe, kahawa mnayo. Nataka jibu, si hadithi. Florida au Colorado?

Dabo: (macho kayafumba) Florida, buda. Kipa anataka jua. Hapa mtoi anadaka na glavu zimeganda kama samaki wa friza.

Skana: Mais non! Kule Florida kuko bakipa wawili mbele yake. Ataikaa ku banc mpaka amalize masomo, anakunywa jus tu.

Dabo: Na bench ina makosa gani? Cheki sisi. Tuko kwa bench na tuko poa.

Mwenyekiti: Sisi hatujasajiliwa na mtu, Dabo.

Skana: Miye nasema Colorado. Kule ni ku milima. Hewa iko kidogo, mpira inakimbia sana.

Mwenyekiti: Sasa mpira ukikimbia si ndiyo balaa kwa kipa?

Skana: Attends, ngoja, Président. Akizoea mpira ya mbio, siku atashuka huku chini ataiona inakuja polepole, polepole, kama mama mwenye mimba anavuka barabara. Atakuwa na nafasi ya kuisalimia.

Dabo: Nyinyi mnafikiria ndogo. Florida ndiko wanarusha maroketi, ama? Sasa watu wakihamia mwezini, watakaa tu huko bila ball? Lazima kutakuwa na ligi. Na mwezini mtu akiruka hashuki haraka. Kipa anaruka, anakaa hapo juu, anacheki mpira ukikuja, anaudaka kwa raha zake. Haika akiwa Florida, ashapanga laini mapema.

Mwenyekiti: Lakini huko mwezini... si kuna baridi kuliko hapa?

Dabo: Atavaa ile suti yao. Glavu ziko ndani.

Ningecheka, lakini mvuke ulikuwa umetufunika sote, na nilipofumba macho kidogo nilimwona kweli yule mtoto juu, amenyoosha mikono, mpira unamjia taratibu na hakuna anayemharakisha. Ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Hata kikombe cha Mwenyekiti kilisimama nusu ya safari. Naamini naye alikuwa huko huko juu.

Dabo: Na ile college nyingine? Ile ya kaskazini, kwa ziwa?

Mwenyekiti: Hicho tulishakifuta!

Hapo akarudi ardhini kwa kishindo. Nieleze. Kamati ilituma video ya Haika vyuoni. Skana ndiye aliitengeneza, na Skana video anazozijua ni za harusi, kwa hiyo ilikuwa na wimbo wa injili, mawaridi yanadondoka kutoka juu, na katikati ya mawaridi Haika anadaka, anadaka, anadaka. Florida wakasifu. Colorado wakasifu. Kocha wa kile chuo kidogo cha kaskazini, mama mmoja, akaandika kwamba ni nzuri sana, sasa naomba nione mechi ambayo amefungwa. Kamati ilichafukwa. Mwenyekiti akaniagiza nisimjibu, na Haika asiambiwe, atavunjika moyo.

Mwenyekiti: Kwetu mtu akija kuposa haulizi ni lini binti aliunguza wali. Ni dharau ile.

Skana: Dharau kabisa.

Mwenyekiti: Binti yangu nimemlea kwa adabu, halafu mtu baki anataka aone aibu yake!

Wakati huo mlango wa dukani ulifunguka akatoka Joyeuse, shemeji yake Skana. Alifika nchini na theluji ya mwaka huu, bado anatembea kwenye lami kama itateleza. Alikuwa anasubiri nguo zake zikauke. Nilimsogezea nafasi na kikombe, akasalimia wote kwa mikono miwili, akakaa, akasikiliza Florida, akasikiliza Colorado, akasikiliza mwezi. Ndipo akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

Joyeuse: Samahani, bapapa. Huyu mutoto, bakimufunga, anafanyaka nini?

Dabo alifungua macho, na kwa Dabo hilo ni tukio.

Dabo: Mimi weekend huwa job. Naonanga tu klipu kwa grupu.

Skana: Miye ndiye ninafilimu. Lakini mpira ikiingia, ninazima. Bantu ba grupu bataonea nini?

Tukamgeukia Mwenyekiti. Yeye hajawahi kukosa mechi hata moja. Barafu, mvua, yupo pembeni ya uwanja na koti lake jeusi. Akawa anakizungusha kikombe.

Mwenyekiti: Sijui.

Dabo: Aje hujui? Si wewe huwa hapo?

Mwenyekiti: Mpira ukikaribia goli lake, nageuka. Natazama magari. Moyo wangu hauwezi. Nikisikia kina mama wanashangilia, najua amedaka, nageuka tena. Nikisikia kimya... nasubiri kimya kiishe.

Skana: Kwa hiyo Président hujamuona hata akidaka?

Mwenyekiti: Namwona kwenye video yako. Na yale mawaridi.

Nilimwonea huruma mpaka nikaona haya kumtazama. Mtu ameongoza misiba ya watu bila kutikisika, na hakuweza kumtazama mtoto wake akipigiwa mpira. Nikainamisha chupa nimuongeze kahawa, likatoka tone, basi. Kahawa ilikuwa imekwisha na jibu hatuna.

Haika, aliyekuwa ndani akifua, akatoka na kapu la jezi za timu, bado zina joto. Ni mrefu, amempita baba yake.

Haika: Baba, let's go, tutachelewa. Mechi iko Inver Grove, ni mbali. So, mmeamua?

Mwenyekiti alisimama. Nilidhani atasema Florida.

Mwenyekiti: Kuna chuo cha tatu, mama. Kaskazini, kwenye ziwa. Kocha wake alitaka kuona mechi uliyofungwa. Tulikasirika, hatukukwambia. Nisamehe.

Haika: Wait. Aliuliza hiyo?

Mwenyekiti: Ndiyo.

Haika: Nobody ever asks that. Hakuna mtu anauliza hiyo.

Akalikumbatia kapu, akaegemeza kidevu juu ya jezi, akatazama juu ya vichwa vyetu upande wa kaskazini, ambako hakuna kitu zaidi ya paa la duka la matairi. Sijui aliona nini, lakini uso wake ulitulia.

Haika: I want to talk to her. Nataka kuongea na yeye.

Mwenyekiti: Utaongea. Skana, chukua simu, twende. Na leo usizime.

Skana: Hata bakimufunga?

Mwenyekiti: Hapo ndipo usogee karibu.

Wakaondoka. Dabo alilala hapo hapo. Mimi nikabaki na Joyeuse na chupa tupu, akikunja nguo zake moja moja kwenye benchi.

Alasiri video ikaingia kwenye grupu. Haina wimbo, haina mawaridi, upepo tu. Tukaitazama mimi na Joyeuse, vichwa vimegusana. Beki anateleza, mshambuliaji anapiga, Haika anaruka, ananyoosha mkono wote, haufiki. Kimya kile. Anainuka, anautoa mpira wavuni, anaufuta matope kwa tumbo la jezi, anampitia yule beki na kumshika bega. Halafu, kabla ya kuurudisha mpira, anageuza kichwa pembeni ya uwanja. Anageuza upesi, kama mtu aliyezoea, kama mtu asiyetarajia kitu.

Joyeuse: Ni baba yake anatafutaka.

Ndipo sauti ya Mwenyekiti ikasikika kwenye simu, imepasuka kidogo, karibu sana na Skana.

"Nipo, mama! Nakuona!"

Haika alisimama na mpira wake mikononi. Picha ilitikisika, nadhani Skana alikuwa anafuta macho. Nikaituma kaskazini, kwa yule kocha, kama ilivyo.