Kura ya Mngurumo

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa chuma. Huo wa chuma ni kemshafti ya zamani ya gari la Ngurumo, kile chuma kirefu chenye vinundu kinachofungua na kufunga valvu za injini. Fundi aliing'oa mwezi uliopita, akaweka nyingine ya magari ya mashindano, baada ya wanakijiwe kusikiliza milio kwenye simu ya kinyozi na kuupigia kura ule uliotikisa vikombe vya kahawa. Ndivyo mambo yanavyoamuliwa hapo: anayekubali anapindua kikombe chake. Sasa Ngurumo alikuja kwa miguu, shati limelowa jasho, na hakusalimia mtu.

— Fundi, umenimaliza! Gari limenizimikia njia panda, mama mkwe yuko kiti cha mbele!

— Limezimika tu? — Fundi akauliza.

— Limezima, nikawasha, likazima tena. Nyuma watu wananipigia honi na kunitukania wazazi. Mama ana miadi ya macho hospitali! Kashuka, kaondoka zake bila hata kuniaga. Mke wangu naye kapiga simu: nisikanyage nyumbani mpaka gari lirudi kuwa gari.

— Ulikuwa unakanyaga mafuta? Kemshafti ile inaamka injini ikizunguka kwa kasi. Chini ya hapo imelala fofofo.

— Nikanyage niende wapi? Mbele lori, pembeni mkokoteni!

— Basi kosa ni la lori.

Kinyozi akatoka na mkasi mkononi. Mteja wake kamwacha ndani, kichwa kimenyolewa nusu.

— Lori limekosa nini? Ni zile taa za barabarani! Nyekundu inakawia makusudi mpaka injini yenye nguvu ichoke. Wanaozifunga taa ndio hao hao wanaouza vigari vidogo.

— Nani kakwambia? — Ngurumo akauliza.

— Niambiwe ya nini? Nina macho!

Muuza kahawa akatikisa birika, akasikiliza kilichobaki.

— Mimi namshuku mama mkwe. Injini inasikia, bwana. Asubuhi hakuisema vibaya?

— Alisema inakohoa.

— Umeona! Imesusa!

Watu hawa Ngurumo aliwapenda, na ndiyo maana hasira ilimzidi. Alikuwa bado anatafuta tusi la kuwatosha wote watatu alipomwona mama mkwe anavuka barabara, mkoba kwapani, vumbi hadi magotini.

— Shikamoo mama! — benchi zima.

— Marahaba. Nimefika hospitali, daktari keshaondoka. — Akawatazama mmoja mmoja. — Nasikia gari mlilichagulia chuma nyinyi. Nauliza tu, wanangu. Mlipokuwa mnachagua, mlijua gari linakwenda wapi?

Fundi akamtazama kinyozi. Kinyozi akautazama mkasi. Muuza kahawa akalifunika birika lililokuwa tayari limefunikwa. Ngurumo akazipitia kichwani njia zake zote: kazini, sokoni, shuleni kwa watoto, hospitali. Zote foleni na njia panda. Hakuna hata moja ambayo angeweza kukimbizia gari. Uso ukamwaka kwa aibu.

Akainama, akaushika mguu wa chuma kwa mikono miwili.

— We! Tumekaa! — Fundi akafoka.

— Inukeni. Narudisha kemshafti yangu.

— Hapa hakuna anayeamua peke yake, — kinyozi akasema kwa uchungu wa kweli. — Lazima tupige kura!

Ngurumo akavuta. Benchi likalala upande, Fundi akaenda chini na vikombe vyote vya kahawa vikamfuata. Ngurumo akaipangusa kemshafti kwa shati lake, akampa Fundi mkononi pale pale alipoangukia.

— Hesabu vikombe, — akasema. — Vyote vimeshapinduka.